Maji ya Mji: Kipimo kwa Wote

Wengi wetu twadhani ya kuwa shauri la kupunguza matumizi ya maji ni la watu wa jangwani. Sisi wa Kongo tumejaliwa na Mwenyezi Mungu mito, maziwa na mvua nyingi. Lakini maji ya ziwa si maji ya robine. Huko Bukavu, Ziwa Kivu li mbele ya macho ya watu wote, na hata hivyo akina mama wengi hupanda vilima wakichukua bidoni. Maji ya mji yataka kusafishwa, kusukumwa kwa mashine na kupitishwa katika mabomba, na kila kazi ina gharama yake. Kwa hiyo hata mji ulio kando ya maji waweza kuona kiu, wakaaji wake wasipojua kipimo.

Tutazame mji wa Cape Town katika Afrika ya Kusini, wenye watu zaidi ya milioni 4. Tangu mwaka 2015 mvua zilikuwa haba kwa miaka 3 mfululizo, hata mabwawa yanayoulisha mji yakakaribia kukauka. Mwanzoni mwa mwaka 2018 wakubwa wa mji walitangaza ya kuwa, mabwawa yakishuka mpaka asilimia 13.5, robine nyingi za nyumbani zitafungwa, na watu watapanga mstari wapate litri 25 kila mtu kwa siku. Siku hiyo iliyoogopwa waliiita Siku ya Sifuri.

Siku hiyo haikufika. Mvua zilirudi katikati ya mwaka 2018, nasi twamshukuru Mungu. Lakini kabla ya mvua, watu walikwisha kufanya sehemu yao. Mwaka 2015 mji ulitumia karibu litri milioni 1,200 kwa siku. Mwanzoni mwa mwaka 2018 ulitumia milioni 500 na kidogo tu.

Walifanyaje? Kwanza waliwekewa kipimo: tangu tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliruhusiwa litri 50 kwa siku, yaani bidoni mbili na nusu, kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Pili, bei ilipandishwa kwa ngazi: kadiri mtu alivyozidisha maji, ndivyo alivyolipa zaidi kwa kila litri. Tatu, nguvu ya maji katika mabomba ilipunguzwa, ili penye tundu pavuje kidogo. Ilikatazwa kumwagilia bustani au kuosha motokaa kwa maji ya mji. Watu walioga kwa dakika 2, wakiyakinga maji katika beseni, kisha wakayamwaga chooni.

Wenye biashara nao hawakuachwa. Waliagizwa kupunguza maji kwa asilimia 45, wakilinganisha na mwaka 2015. Hoteli ziliondoa vizibo vya mabafu. Na mwezi wa Februari 2018 wakulima wa Groenland, waliokuwa na akiba katika mabwawa yao wenyewe, walifungulia mji litri milioni 10,000 bila kudai malipo.

Tuangalie jambo moja zaidi. Maskini wanaoishi katika vibanda, wenye kuchota kwenye robine ya wote, hawakuwa na la kupunguza. Wao huishi kwa kipimo siku zote. Waliotakiwa kupunguza ni wenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha ya kuwa maji safi ni haki ya kila mtu. Basi anayemwaga maji ovyo hapotezi mali yake tu, bali apunguza fungu la jirani.

Nasi tufanyeje? Robine inayodondosha tone moja kila sekunde hujaza bidoni ya litri 20 kwa siku moja hivi. Tuitengeneze. Mwenye hoteli na mwenye kuosha motokaa wapime maji yao kila juma. Wakubwa wa mji wazibe haraka mabomba yaliyopasuka njiani, kwa maana raia hawezi kuhimizwa kuokoa kikombe huku mto ukipita barabarani. Nanyi wanafunzi, mkiona bomba la shule linavuja, msipite kimya, mwambieni mwalimu.

Bwana wetu Yesu Kristo alipokwisha kuwashibisha maelfu kwa mikate mitano, aliwaagiza wanafunzi wake kukusanya vipande vilivyobaki, visipotee. Yeye aliyeweza kuongeza mikate alivyotaka hakudharau makombo. Basi leo jioni, kabla ya sala ya jamaa, baba na watoto wazunguke nyumba, wakaangalie kila robine.