Wifi, Swali ni Sigara

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia simu saa tano usiku, analia. Kaka yangu ana kansa ya koo. Alikuwa wiki ya pili ya mionzi, na siku hiyo daktari aliwaeleza kuwa uvimbe wake umetokana na virusi vya HPV, ambavyo mtu huvipata kwa ngono, ikiwemo ya mdomo. Baada ya hapo wifi hakusikia kingine.

"Wifi, niambie, kavitoa kwa nani?"

Nilimjibu kuwa hakuna kipimo kinachoweza kusema hilo. HPV imeenea mno. Wengi wetu tuliowahi kufanya ngono tumeshakutana nayo na mwili ukaiondoa wenyewe. Kwa wachache inajificha miaka na miaka, pengine tangu kabla ya ndoa, halafu inaleta kansa kwenye mafindofindo au shina la ulimi.

"Haya, na sigara kaacha?"

Kimya. Kumbe bado anavuta, tena barazani, mchana kweupe!

Asubuhi nikampigia mwenyewe. "Mdogo wangu," akacheka, "kansa nishapata, na daktari kasema hii ya virusi ni afadhali. Sigara itanifanya nini tena?"

Jamani, hapo kwenye "afadhali" ndipo watu wanapopotea. Ni kweli kuna unafuu. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Dk. Kian Ang, uliotoka mwaka 2010, ulionyesha kuwa baada ya miaka 3, wagonjwa wenye kansa ya koo ya HPV waliokuwa hai ni 82 kati ya 100. Wasio na HPV walikuwa 57. Lakini watafiti haohao walihesabu na sigara. Kila mwaka wa kuvuta pakiti moja ya sigara 20 kwa siku uliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 1 hivi, hata kwa wenye HPV. Kaka kavuta pakiti nzima kwa miaka 22. Piga hesabu.

Mwaka 2012 Dk. Maura Gillison na wenzake wakaja na zito zaidi: waliovuta huku wanapigwa mionzi, hatari yao ya kufa ilikuwa kama mara 2 ya wasiovuta. Mionzi inafanya kazi vizuri penye oksijeni, na moshi wa sigara unaipunguza kwenye damu. Yaani unalipia nauli, unatoka alfajiri, unaungua shingo, halafu jioni unaidhoofisha dawa yako mwenyewe.

Nikamwambia, "Kaka, virusi ulivipata bila kujua. Ya leo jioni unaiwasha mwenyewe." Alikata simu.

Siku tatu baadaye wifi akaniambia kaka kamwomba daktari amsaidie kuacha. Wiki ijayo anamaliza mionzi, na leo ana siku 19 bila sigara. Wifi anazihesabu kwenye kalenda ya jikoni. Lile swali la nani kamwambukiza bado linamuuma, sitawadanganya. Ila sasa analala.

Na wewe, kama mwenzio yuko kwenye matibabu na bado anavuta, anza na sigara. Ugomvi mwingine unaweza kusubiri.

Tukutane mwezi ujao.