Jina Kuu Juu ya Mawe

Wako watu wasemao kwamba dunia ni ya wenye nguvu, na kwamba habari za roho ni za wazee na wagonjwa. Huwahimiza vijana wapande juu hata kwa kukanyaga vichwa vya wenzao. Maana, wasema, mtu akiisha kufika kileleni hakuna amwulizaye njia aliyopita. Maneno hayo ni matamu, lakini si ya kweli. Na tuyapime kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa Mombasa, ili biashara ya Bahari ya Hindi iwe mikononi mwao. Kuta walizifanya nene, mizinga wakaielekeza baharini, kisha wakaiita ngome hiyo kwa jina la Yesu. Ajabu iliyoje! Yeye aliyelazwa horini, akawaosha wafuasi wake miguu, jina lake likatundikwa juu ya baruti! Lakini jina takatifu halikuigeuza tamaa kuwa sala. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira ngome. Njaa na maradhi vikawamaliza waliokuwamo, na Desemba 1698 ikaanguka. Chini ya Waingereza iligeuzwa gereza, tangu 1895 hata 1958. Leo ni makumbusho.

Mtetezi wa tamaa atajibu, “Mbona mawe yangali yamesimama?” Naam, yamesimama, waliojivunia hawamo. Jiwe halina uaminifu, humtumikia kila ashikaye ufunguo.

Sasa tuvuke maji twende bara. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimwua mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga akamfuata mama yake. Krapf hakuwa na mzinga hata mmoja wa kulipiza kisasi juu ya mauti. Alibaki, akajifunza lugha ya wenyeji, na mwaka 1846 akafungua kituo Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Mtu wa kwanza kubatizwa hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa Mringe, maskini mlemavu. Sarufi ya Kiswahili aliyoiandika Krapf ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake ikatoka mwaka 1882, naye amekwisha kufa. Rebmann alikaa Rabai hata mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Je, Krapf hakutaka makuu? Aliyataka. Aliwaza mlolongo wa vituo vya misheni toka pwani ya mashariki ya Afrika hata ya magharibi, wala hakuuona. Wazo lake kubwa lilimponyoka. Kazi yake ndogo ndiyo iliyodumu: neno moja moja lililoandikwa kwa subira, na maskini mmoja aliyehesabiwa kuwa ndugu.

Basi wanakosea pia wanaodhani kwamba Ukristo huwaamuru vijana wakae mikono mitupu, wasitamani kitu. Ukristo hauzimi moto wa bidii. Huuliza tu moto huo wampikia nani chakula. Atakaye kuwa mganga ili aponye, na atakaye kuwa mganga ili aogopwe, husoma vitabu vile vile; lakini hawasafiri njia moja.

Adui mkubwa wa roho, kwa hiyo, si yule akanaye dini waziwazi. Ni yule ajengaye ngome ya tamaa yake, kisha akaandika jina la Yesu mlangoni: mwenye kutoa sadaka kwa fedha ya rushwa, mwenye kugombea cheo kanisani kana kwamba ni kiti cha enzi, na mwanafunzi aombaye baraka asubuhi ya mtihani huku karatasi ya wizi imo mfukoni mwake.

Kijana msomaji, nawe umo katika kujenga. Usijidanganye kwa jina utakaloliandika juu ya mlango. Litazame lililomo ndani, kwa maana hilo ndilo litakalobaki siku ufunguo utakapokutoka mkononi.