Cheti cha shule hakivuki ziwa

Sisi ni wakazi wa Kigongo, upande wa Misungwi mkoani Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, pale kilipokuwa kikitia nanga kivuko cha kwenda Busisi. Wengi wetu ni akina mama. Tuliuza mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi na dagaa wa kukaanga kwenye foleni ya mabasi ya Geita na Bukoba. Sinia kichwani, chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti, unakimbilia dirisha la basi kabla kivuko hakijashusha mlango. Abiria walikerwa na foleni ile, na walikuwa na haki. Kwetu ndiyo iliyonunua sare na madaftari.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Hatulilalamikii daraja. Tumewahi kukesha ufukweni na mjamzito huku kivuko kimelala ng'ambo, na hatutaki usiku ule urudi. Leo gari linavuka kwa dakika chache. Lakini basi halisimami tena Kigongo, na nyumba zilizoishi kwa sinia ililazimu zitafute mkate pengine.

Wanaume wetu walitafuta majini, kama baba zao. Wengine wako visiwa vya Ukerewe na Goziba. Wengine walipitiliza hadi visiwa vya Kalangala, Uganda, na wengine mialo ya Homa Bay, Kenya. Anayefuata dagaa hafuati ramani. Anavua siku za giza, siku za mbalamwezi anapumzika, na mwalo ukikauka anahamia mwingine. Mke na watoto wanamfuata. Mambo yakiharibika, baba akiugua au mtumbwi ukipotea, wanarudishwa nyumbani kwa bibi. Hapo ndipo kilio chetu kinapoanzia.

Mwaka huu bibi mmoja jirani yetu alipokea mjukuu wa miaka 12 kutoka kisiwani Uganda. Mtoto alikuja na begi moja na ripoti ya shule iliyokunjwa mara nne ndani ya kanga ya mama yake. Imeandikwa kwa Kiingereza: darasa la tano, hesabu alama 78. Muhuri umelowa maji, jina la shule linasomeka nusu. Bibi akaipeleka shule moja huku kwetu akiwa ameishika kwa mikono miwili. Akaulizwa barua ya uhamisho. Hana. Akaulizwa namba ya PREM, ile anayopewa kila mwanafunzi wa Tanzania tangu anapoandikishwa. Mtoto hajawahi kuandikishwa hapa, ataipata wapi? Cheti cha kuzaliwa kilibaki kisiwani. Baada ya kwenda na kurudi mara nne, akapokelewa darasa la tatu, kwa kuwa Kiswahili chake cha kuandika ni dhaifu. Sasa magoti yanagusa meza, na watoto wa miaka 8 wanamwita mzee.

Mwalimu hatumlaumu. Ana watoto wengi kuliko madawati, na hakuna aliyempa mwongozo wa kusoma ripoti ya Uganda. Kule shule ya msingi ni miaka saba, na kuanzia darasa la nne wanafundishwa kwa Kiingereza. Kenya siku hizi ni miaka sita. Sisi tunatoka saba kwenda sita, kwa sera iliyozinduliwa Februari 2025. Ziwa ni moja, na kila pwani ina ngazi yake. Anayeteleza katikati ni mtoto wa mvuvi, kwa maana mtoto wa tajiri akihama nchi, baba yake ana fedha za shule ya kulipia na mtu wa kumshughulikia makaratasi.

Tunaambiwa ushirikiano upo, nasi tunaamini. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake nchi ziliahidi kutambuliana vyeti vya elimu. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi wa chuo kikuu asihangaike akivuka mpaka. Ni jambo jema. Ila walianza na paa. Wangapi kati ya watoto wa mialoni watafika chuo kikuu, ikiwa darasa la tano tu linawafia mpakani?

Tena hili si la kubuni upya. Wazee waliosoma sekondari mwishoni mwa miaka ya 1960 wanakumbuka kwamba mitihani ya Mwanza, Kisumu na Kampala ilikuwa chini ya baraza moja la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, ikaunda baraza lake mwaka 1973. Sababu zilikuwepo, hatuzibishi. Ila ngazi iliyounganishwa wakati hakuna hata simu ya mkononi haiwezi kushindikana leo.

Na jiji la mkoa wetu linajua kushirikiana. Mwanza ina udugu na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, na Tampere ya Finland tangu 1988. Tunaushukuru. Tunachouliza ni kwa nini mwalimu mkuu wa Misungwi asiwe na namba ya simu ya mwalimu mkuu wa Kalangala, ambako watoto wetu wanaishi.

Kuna na hili la msaada. Ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini imezingatia elimu: mtoto ahudhurie shule, kaya ipate. Tumeona ilivyozuia watoto wasiachishwe masomo. Lakini mtoto ambaye bado anazungushwa na makaratasi hana siku ya kuhudhuria ya kuhesabiwa. Aliyerudi kutoka kambi ya wavuvi hakuwepo mkutano wa kijiji ulipotaja majina. Kwa hiyo aliye mhitaji kuliko wote anakuwa wa mwisho kuonekana. Ada ilifutwa, kweli, lakini sare, madaftari na uji wa shule bado vinatoka mfukoni, na mfuko huo ulikuwa sinia la Kigongo.

Tunaomba karatasi moja. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, wenye jina la mtoto, darasa alilofikia na muhuri wa shule, unaotambuliwa Tanzania, Kenya na Uganda. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Kisumu. Nchi zote tatu zinakaa meza ile kuzungumza samaki, magugu na usalama wa vyombo. Waweke na mtoto kwenye ajenda. Na mtoto akifika kwetu apimwe kwa anachokijua, apewe miezi ya kufundishwa Kiswahili cha kuandika, ndipo apangiwe darasa.

Bibi yule ameihifadhi ripoti chini ya godoro, imenyooka sasa. Anasema akisikia kuna ofisi inayoisoma, hata iwe ng'ambo ya daraja, atatembea.