Mafuta ya Uso Sawa, Lakini Kichupa Hicho Kina Nini?

Sina ugomvi na mafuta ya uso. Nimekulia Tanga, na kwetu mafuta ya nazi ni ya nywele, ya mwili na ya mtoto mchanga akishaogeshwa. Hakuna aliyeyaita skinkea, ilikuwa ni kujipaka tu. Kwa hiyo nikisikia wenzangu hosteli wanabishana nazi au parachichi, alizeti au mnyonyo, raha yangu. Ila kuna biashara imeingia vyumbani mwetu imejificha nyuma ya neno "asilia", na bumu likitoka tu inashamiri. Hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Tuanze na mafuta yenyewe, maana hapa wengi tunapotea. Mafuta hayana maji. Kazi yake ni kulainisha ngozi na kupunguza kasi ya maji yaliyomo kupotea hewani. Ukiyapaka kwenye uso uliokauka, umeufunika ukavu wako vizuri tu. Hapa Dodoma tunalijua hili kuliko watu wa Pwani. Kiangazi kikianza kukolea, upepo mkavu, midomo inapasuka mpaka unaogopa kucheka. Mtu aliyetoka kwenye joto la unyevu la Dar anaongeza mafuta, halafu analalamika kwamba "hayaingii". Dada, tatizo ni mpangilio. Nawa uso, gusagusa na taulo, na ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu paka losheni kama unayo, kisha matone mawili matatu ya mafuta juu yake. Matone, si kiganja kizima. Na kama hela hakuna, Vaseline ya kawaida inaziba kuliko karibu mafuta yote ya mimea, ingawa hakuna anayeipiga picha akaiweka status.

Halafu si kila mafuta ni ya kila uso. Mafuta ya nazi, karibu nusu yake ni asidi ya loriki, ni mazito, na kwa uso wenye chunusi mara nyingi yanaziba vinyweleo na kuziongeza. Najua bibi yako aliyatumia maisha yake yote. Yawezekana bibi hakuwa na ngozi yako. Zeituni inasifiwa sana, lakini ina asidi nyingi ya oleiki, na utafiti umeonyesha inaweza kudhoofisha tabaka la juu linalokinga ngozi. Alizeti, hii hii ya jirani zetu Singida, kwa kawaida ina asidi nyingi ya linoleiki na ni mepesi zaidi usoni. (Nasema yaliyo safi, si yaliyobaki kwenye karai la chipsi.) Limau na ndimu viacheni jikoni: maji yake yakikutana na jua kwenye ngozi yanaweza kuunguza na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi.

Sasa turudi kwenye biashara. Ni kichupa cha kioo chenye kifuniko cha kudondoshea, na stika iliyochapwa steshenari: mafuta ya karoti, asilia, utang'aa ndani ya siku saba. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna viambato, hakuna tarehe ya kuisha muda. Bei shilingi 15,000, yaani siku kadhaa za kula. Mwenzangu wa chumba alinunua mwezi mmoja kabla ya kwenda fildi. Wiki ya kwanza kila mtu alimsifia. Wiki ya tatu mashavu yalikuwa yanawasha na yamejaa vipele, na akitoka mchana anajikinga jua kwa daftari. Alipomuuliza muuzaji, naye mwanafunzi kama sisi, akaambiwa: "Ngozi inatoa sumu, endelea." Alipoacha ndiyo ikalipuka kabisa. Daktari hakumuuliza mengi. Alitaka kujua tu kama yalimtakatisha ndani ya wiki, kisha akamwambia kwamba mafuta yaliyokamuliwa kwenye mmea hayafanyi hivyo.

Kinachofanya hivyo tunakijua. Ni steroidi, dawa za kuandikiwa na daktari, ambazo zikitumiwa ovyo zinaifanya ngozi kuwa nyembamba. Ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka. Ni zebaki, inayoharibu figo. Haidrokwinoni na zebaki ni marufuku kwenye vipodozi nchini. Mama zetu waliita mchanganyiko wa namna hii mkorogo, na angalau waliukoroga wakijua ni mkorogo. Sisi tunauziwa kwa jina la karoti.

Na kwa nini mwenzangu aliutaka? Kwa sababu watu walimwambia, kwa utani, kwamba mwalimu lazima "ang'ae kidogo" mbele ya darasa. Jamani, tunasomea ualimu. Ukisimama Kidato cha Pili kufundisha habari za ngozi, ukaeleza melanini inavyotukinga na jua, huku uso ni wa rangi moja na vidole ni vya rangi nyingine, yule binti mweusi wa dawati la nyuma unadhani ataandika nini kichwani mwake?

Nitaambiwa wauzaji ni wenzetu, wanatafuta ada. Kweli, na sitaki wafukuzwe hosteli. Anayekamua nazi au parachichi zake auze, mimi mwenyewe nitanunua. Lakini kichupa kiseme ndani kuna nini, nani katengeneza na lini. Vipodozi vinasimamiwa na TBS tangu 2019, na serikali yetu ya wanafunzi ina watu wa afya wanaoweza kuwaita TBS waje hapa kabla bumu lijalo halijatoka, wapime hivi vinavyouzwa kwenye korido. Kichupa cha mwenzangu hatujakitupa. Kimebaki nusu, kipo kabatini kwenye mfuko uliofungwa, stika yake bado inasomeka. Wakikihitaji, waje wakichukue.