Nyufa za Uga wa Shule Hazitibiwi kwa Niru

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi wanafunzi wetu husimama gwaride huku bendera ya taifa ikipandishwa. Katika shule nyingi kongwe za Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha, gwaride hilo hufanyika juu ya uga wa zege ambao wazazi waliujenga kwa nguvu za Harambee miongo kadhaa iliyopita. Macho ya wote huelekea juu, kama ipasavyo. Lakini anayeyainamisha ataona mambo ya kuhuzunisha: nyufa zinazokimbia kutoka ukuta wa darasa hadi mlingoti wa bendera, pembe zilizomeguka, vidimbwi vya maji ya jana, na juu ya hayo yote mabaka ya saruji mpya ambayo nayo yamekwisha kubambuka.

Mabaka hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nyufa si ajabu. Kila kitu kilichojengwa na mwanadamu huzeeka. La ajabu ni namna tunavyozitengeneza. Shule zinapofungwa, fundi huitwa. Hufagia uga, huchanganya mfuko mmoja au miwili ya saruji na maji mengi, kisha hupaka niru nyembamba juu ya zege kuukuu, vumbi likiwa bado limo ndani ya nyufa. Siku ya kufungua muhula uga hung'aa na wazazi husifu. Kabla ya muhula wa pili kwisha, niru imepasuka palepale palipokuwa na ufa wa awali, na maganda yake yanachomoka chini ya viatu vya watoto. Mwaka unaofuata fundi huitwa tena. Fedha za karo na michango hutumika mara tatu, nne, kwa kazi isiyokwisha, na mtoto anayetembea kwa magongo au asiyeona vyema huendelea kujikwaa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam, walisema kweli. Lakini hawakusema kupaka ufa ni kuuziba. Hoja yangu ni moja: ufa ni ushahidi wa jambo lililo chini yake, na ukarabati usioanza kwa kuuliza jambo hilo ni nini haustahili kuitwa ukarabati.

Hebu basi tuulize. Zege la nchi hii ya kati ya Bonde la Ufa linaumwa nini? Vitabu vingi vya ujenzi viliandikwa katika nchi za theluji, na vinaeleza jinsi maji yanavyoganda ndani ya zege, yakatanuka kwa takriban asilimia 9 na kulivunja. Huo si ugonjwa wa Nakuru. Sisi tuna maradhi yetu, na ni matatu.

La kwanza ni jua. Nakuru iko karibu mno na Ikweta, katika mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri kuna baridi ya kutetemesha. Adhuhuri zege lililo wazi huwaka hata mtoto asiye na viatu hawezi kulikanyaga. Kisha alasiri huja mvua ya ghafla, pengine ya mawe, na kulipoza kwa dakika chache. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya somo. Zege hutanuka takriban sehemu 10 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Uga wenye urefu wa mita 30, joto lake likipanda kwa nyuzi 30, hutaka kurefuka kwa milimita 9, karibu upana wa kidole cha mtoto. Ukinyimwa mianya ya kutanukia na kunywea, utajikatia mianya yenyewe. Hiyo ndiyo tunayoiita nyufa.

La pili ni upepo mkavu, hasa wa Januari na Februari. Nakuru haikuhusishwa bure na vumbi, kwani wengi husema jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo. Upepo huo hunyonya maji ya zege bichi kabla saruji haijapata muda wa kushikana nayo. Saruji haigumu kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani. Hugumu kwa kuungana na maji. Zege lililokauka mapema ni kama mwanafunzi aliyeachishwa shule darasa la tatu: lina umbo la zege, lakini halina nguvu zake.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni udongo. Eneo hili limekalia majivu ya volkeno zilizolipuka zamani, Menengai ikiwa mojawapo. Majivu hayo yakiwa makavu hustahimili uzito. Yakilowa hubonyea, na maji yakipata njia huyabeba na kuacha pango. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara iendayo Narok. Ulimwengu ulitangaziwa kwamba Afrika inagawanyika mara mbili. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya utulivu zaidi: maji yalikuwa yamesomba majivu laini yaliyojaza mpasuko wa kale. Baadhi ya mitaa ya magharibi mwa Nakuru imewahi kuona ardhi ikititia kwa namna hiyo mvua inaponyesha. Sasa tazama shule yako. Je, maji ya paa la darasa yanamwagika wapi? Kama mfereji wa paa ulianguka zamani na maji yanachimba ukingoni mwa uga, basi huo ni mpasuko mdogo unaotengenezwa kila masika, na niru haitauzuia.

Kwa hiyo, dawa huanza na maji wala si saruji. Mifereji ya paa irudishwe, maji yaongozwe mbali na ukuta, na uga wenyewe uwe na mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80. Kisha uga upimwe. Mwashi mwenye ujuzi hugonga zege kwa nyundo ndogo akisikiliza: mlio mkali ni uzima, mlio wa debe tupu ni utupu chini yake. Kila ufa uwekewe alama ya kalamu kwenye ncha zake, upana wake upimwe, na tarehe iandikwe. Baada ya msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, itajulikana ni ufa gani umelala na upi unatembea.

Ufa uliolala hufunguliwa kwa tindo, hupigwa brashi na kuoshwa, kisha hujazwa. Ufa unaotembea haujazwi kitu kigumu abadani. Hukatwa sawasawa ukafanywa mwanya halali na kujazwa lami au kitu kingine kinachonyumbuka. Palipo na mlio wa utupu, zege huvunjwa, udongo hushindiliwa upya, na kiraka humwagwa kikiwa na kingo zilizosimama wima, kwa maana kingo nyembamba kama makali ya kisu ndizo humeguka kwanza.

Ni baada ya hayo tu ndipo uso mpya huwekwa. Zege kuukuu hukwaruzwa hata kokoto zionekane, mafuta na vumbi huoshwa, nalo huloweshwa usiku kucha, ila pasiachwe maji yaliyotuama. Tabaka jipya liwe na unene wa milimita 25 hadi 40, si wa karatasi. Mchanga uwe safi. Wanafunzi wanaweza kuujaribu kwa kuutia katika chupa ya maji, kuitikisa na kuiacha itulie. Tope likijipanga nene juu ya mchanga, mchanga huo urudishwe kwa aliyeuuza. Maji ya kuchanganyia yawe machache: lita 25 hivi kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, kwani kila lita inayozidi ili kurahisisha kazi ya mwiko huipunguzia saruji nguvu. Mianya ikatwe palepale ilipo mianya ya chini. Hatimaye magunia yaliyolowa yafunike kazi yote kwa siku 7, na mtu awekwe wa kuyanyunyizia asubuhi, adhuhuri na jioni.

Siku hizo 7 ndizo zinazotushinda. Tunaweza kununua saruji lakini hatuwezi kungoja. Waashi wa zamani wa pwani yetu walikaa siku nyingi wakiipiga sakafu ya chokaa kwa vijiti vya mbao mpaka ishikamane, na sakafu zao zimewabeba vitukuu. Nasi twataka uga ulipakwe Jumamosi, ukanyagwe Jumatatu.

Najua nitajibiwa kwamba shule hazina fedha. Jibu hilo lina ukweli, nami silipuuzi. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka wa 2003, miguu inayokanyaga nyuga hizi imeongezeka kuliko fungu la kuzitunza. Lakini ni fedha zipi zinazolipia niru ya kila mwaka? Si hizo hizo? Bodi ya shule isiyoweza kutengeneza uga wote iugawe mafungu manne na kutengeneza fungu moja vyema kila mwaka, ikianzia penye mlango na ngazi. Kadhalika iwe na ujasiri wa kukiri kwamba uga mwingine hautibiki. Uliopasukia juu ya ardhi inayotitia usipakwe kitu. Uvunjwe, na mahali pake pawekwe matofali ya kabro, yanayoweza kung'olewa na kupangwa upya ardhi inaposhuka.

Kuna sababu nyingine tusiyopenda kuitaja. Darasa jipya huwekewa kibao chenye jina la mheshimiwa aliyelifungua. Ukarabati hauna kibao. Hakuna anayesafiri kutoka Nairobi kuja kukata utepe wa mfereji uliozibuliwa. Ndiyo maana twajenga darasa la nane huku la kwanza likibomoka, na twayaita hayo maendeleo.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019 unatuhimiza tumfundishe mwanafunzi kwa vitendo. Twahangaika kutafuta vifaa, ilhali kifaa tunakikanyaga. Ufa mmoja una hesabu, sayansi, jiografia na insha ndani yake. Kila darasa lipewe ufa wake wa kupima na daftari la kuandikia, muhula kwa muhula, na daftari hilo lipelekwe mbele ya bodi kabla fundi hajaitwa. Fundi naye asilipwe kabla ya siku ya nane.

Mwanafunzi hutufunza kwa kututazama. Akituona kila mwaka tukifunika ufa ili wageni wasiuone, atakuja kuwa mhandisi, karani au waziri afunikaye. Akituona tukigonga, tukisikiliza, tukichimba na kungoja, huenda nchi hii ikapata watu wa kuitengeneza. Mvua za masika hazina subira na bodi zetu. Mwalimu mkuu na aanze leo kwa kutazama maji ya paa lake yanakomwagikia.