Sisi Tumeshaandaliwa, Waandaeni na Wao

Jamani, tumefundishwa kufanya usaili mpaka tumekuwa wataalamu wa usaili wenyewe, kazi tu ndiyo hatuna. Mradi wa watu wenye ulemavu ukikaribia kufunga hesabu tunaitwa ukumbini. Tunasaini mahudhurio, tunapewa daftari, kalamu na chupa ya maji, halafu anasimama mwezeshaji: ingia kwa kujiamini, mtazame msaili machoni, mpe mkono kabla hujaketi. Safu ya mbele wamekaa wenzetu wasioona, wanamsikiliza kwa adabu. Pembeni yao kuna mwenye magongo, mikono yote miwili ina kazi, anajiuliza huo wa kusalimiana atautoa wapi.

Hatukatai mafunzo. Kuandika wasifu tunajua, Ajira Portal ya kuombea kazi za serikali tunaifahamu, usaili wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano tunautofautisha bila kuelekezwa. Kinachotuudhi ni kwamba kila siku tunaoandaliwa ni sisi tu. Wale wanaokaa upande wa pili wa meza, nani amewahi kuwaita ukumbini akawapa na wao daftari na chupa ya maji?

Maandalizi yetu ya kweli hayamo kwenye semina yoyote. Mwenzako akiitwa usaili Jumatano, Jumanne anapiga pasi shati na kupitia maswali. Sisi Jumanne tuko njiani kulikagua jengo. Ofisi iko ghorofa ya ngapi? Lifti ipo, na kama ipo inafanya kazi? Mlango wa choo unapitisha kiti mwendo? Hilo la choo watu hawalisemi kwa sauti, lakini wapo wenzetu ambao siku ya usaili hawagusi hata chai, wasije wakabanwa mahali ambapo hawana pa kujisitiri. Wanaingia chumbani saa saba mchana, njaa na kiu vimewakausha, kisha wanaandikiwa kwamba hawana uchangamfu. Nauli nayo ni shughuli nyingine. Daladala ya asubuhi kutoka Mbagala haimsubiri mwenye kiti mwendo. Konda atakwambia gari limejaa huku anaendelea kuita abiria. Inabidi bajaji, kwenda na kurudi, siku ya ukaguzi na siku ya usaili.

Kiziwi yeye atafute mkalimani wa lugha ya alama na amlipe mwenyewe, kwa kazi ambayo bado hajaipata. Asipoweza anakuja na ndugu. Mwenzetu mmoja, mhasibu, aliingia na mdogo wake namna hiyo. Mwenyekiti wa jopo akamgeukia yule mdogo: "Muulize, simu atapokeaje?" Kijana akatafsiri, jibu likaja kwa mikono: kazi iliyotangazwa ni ya kuandaa hesabu, simu haikutajwa popote. Wakatabasamu. Kisha wakamuuliza mdogo mtu yeye amesoma mpaka wapi.

Sisi wengine maswali yetu ni yale yale. Ulizaliwa hivyo au ni ajali? Nyumbani unaishi na nani, nani anakusaidia? Na lile swali ambalo kila mwombaji huulizwa, la udhaifu wako mkubwa ni upi, kwetu huulizwa kwa sauti ya chini na macho yakielekea mguuni. Mtu ulishajipanga kusema huna subira na wazembe, unabaki unaonekana mwongo.

Halafu kuna fumbo la kusema au kunyamaza. Matangazo ya kazi za serikali humtaka mwombaji mwenye ulemavu aainishe hali yake kwenye mfumo. Ni sawa, ili ajulikane na ahudumiwe. Lakini huko kwenye ofisi binafsi, ukiandika huitwi. Usipoandika unaitwa, ukifika mapokezi mtu anakutazama juu mpaka chini na kukuuliza unamtafuta nani, akidhani umekuja kuomba msaada. Kwa lipi kati ya hayo mtu ajiandae?

Sheria tunayo, asije mtu akasema tunadai hisani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ukipiga hesabu, asilimia 3 ya watu 20 haifiki hata mtu mmoja mzima. Huenda ndiyo maana wengine wanaona wakiajiri sifuri hawajakosea sana. Na kabla ya hiyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilishakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, na kinga hiyo inamhusu hata anayeomba kazi. Kuchuja watu kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaihitaji kunaruhusiwa, na hapo ndipo ujanja unapopita. Unakuta nafasi ya mtu wa kukaa ofisini anaandika ripoti, chini ya sifa wameweka: awe na leseni na uwezo wa kuendesha pikipiki. Ripoti inaandikwa juu ya pikipiki?

Wala tusiambiwe habari ya gharama. Wenzetu waliopita shule za Buguruni Viziwi, Uhuru Mchanganyiko na Buigiri wamefanya mitihani ya taifa. Baraza la Mitihani linaandaa karatasi za nukta nundu, linatoa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu wakiwemo wenye ualbino, linaongeza muda. Nchi nzima, kila mwaka. Leo ofisi moja yenye waombaji kumi inasema haiwezi kukuza maandishi ya kurasa tatu, kazi ya kubonyeza kompyuta mara mbili. NVDA, programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, ni ya bure. Kinachotakiwa ni intaneti ya kuipakua na mtu wa kukumbuka kufanya hivyo kabla ya siku ya usaili.

Tukilalamika hivi tunajibiwa: si kuna asilimia 2 yenu kwenye mikopo ya halmashauri, jiajirini. Anayetaka biashara na akope, Mungu ambariki. Lakini mhasibu aliyesomea uhasibu kwa nini apelekwe kufuga kuku kwa sababu tu hasikii?

Enyi maofisa rasilimali watu, tunachoomba hakihitaji mfadhili. Kwenye ujumbe wa kumwita mtu usaili ongezeni mstari mmoja: unahitaji nini ili ufanye usaili wako bila kikwazo? Jibu likija, lifanyieni kazi. Hamishieni meza chini kama lifti imekufa. Mkalimani akiwepo, mtazameni mwombaji, msimtazame mkalimani. Ulizeni kazi itafanyikaje, acheni kuuliza mguu ulikatikaje. Na mkishatusaili mkaona hatufai, tunyimeni kazi kama mnavyowanyima wengine, ila iwe kwa majibu tuliyoyatoa.