FUNDI NA WEWE: Gari nyepesi, muziki mwepesi

Kuna swali moja ambalo vijana wanaturudishia kila mara: namna gani mtu anaweza kuweka muziki mzuri ndani ya gari ya mwendo pasipo kuiua gari yenyewe? Wazazi wengine watasema, "Muziki wa nini tena?" Wazazi, muwe na subira. Swali hili linagusa pesa ya nyumba, linagusa usalama wa njia, na linagusa ninyi pia, sababu mnapanda gari hiyo hiyo.

Ninaposema gari ya mwendo sisemi gari ya mashindano. Ni ile gari ndogo, nyepesi, yenye motere ya nguvu, Subaru Impreza ao Toyota Corolla iliyotoka Japani, ambayo mwenyewe anaipenda kwa sababu inaitika upesi akigusa mguu. Anatembea nayo mjini, anafika Sake, na njia ikikubali anapanda nayo Masisi. Sasa anaingia dukani na muuzaji anamwambia: "Chukua bafle mbili za inchi 12 na masanduku yake, ampli kubwa, na batri ya pili." Kabla hujatoa dola zako, ndugu yangu, shika kalamu tupime.

Sanduku moja la mbao lenye bafle ya inchi 12 linaweza kufika kilo 20, na mengine yanapita. Ampli kubwa ya namna ya zamani, kilo 4 ao 5. Batri ya pili, kilo 13 ao 15. Waya nene, bulo, ubao wa kukamatisha vyote, weka kilo 3 tena. Tumekwisha kupita kilo 40, na tumehesabu sanduku moja tu! Ukiweka mawili umepita 60. Watu wa Walikale hawahitaji kufundishwa hesabu hii. Wale waliobeba kasiterite kutoka Bisie mpaka Njingala, mwendo wa siku mbili msituni na mfuko wa kilo 50 mgongoni, wanajua kilo 10 zinafanya nini kwenye mpando. Na wale waliopakia ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya lami kule Kilambo wanajua vilevile kwamba kilo haina urafiki na mtu.

Tena kuna habari ya hewa, ambayo wauzaji hawasemi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kila ukipanda mita 1,000 kutoka bahari. Gari iliyokuwa na nguvu kamili pale Mombasa, ikifika kwenye milima ya Masisi inayopita mita 2,000, imekwisha kupoteza karibu moja ya tano. Yenye turbo haipotezi sana, lakini si kila mtu ana turbo. Kwa hiyo kijana wa Mombasa anaweza kujichezea na kilo 50 kwenye njia ya sawasawa. Wewe unazibeba kwenye mpando, ndani ya poto-poto, na motere iliyopungua.

Na uangalie uzito huo unakaa wapi. Ukiuweka wote nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma, unainua pua ya gari. Corolla nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Yakikosa uzito juu yake yanateleza, yanazunguka bure, na volani inakuwa nyepesi mikononi kama vile unaendesha juu ya sabuni. Shofea atasema pneu zimekwisha. Labda pneu ni nzima, na ni sanduku la muziki linalovuta pua juu.

Jambo lingine la kofre linaniuma zaidi kuliko yote. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati watu wa Minova na Sake walikuwa wakikimbilia Goma, kofre ya gari ilikuwa mahali pa godoro, pa sufuria, pa bidoni ya maji, na mara nyingine pa watoto. Kofre iliyojazwa bafle na kufungwa kwa bulo 8 haipakii kitu. Kwa hiyo mimi naweka sheria moja mbele ya zote: chochote unachoweka nyuma kiweze kutoka kwa dakika 5, kwa mkono wako mwenyewe, pasipo kumwita fundi. Kama hakiwezi, usikiweke. Lakini kisiwe kimelegea pia. Sanduku la kilo 20 ambalo halikufungwa, siku ya kukanyaga breki kwa ghafula linakuja mbele kwenye migongo ya waliokaa nyuma.

Sasa tuulize: muziki mzuri unahitaji wati ngapi? Dukani utaona maandishi makubwa, "1000 W", "2000 W", na taa za rangi. Usisome hayo. Geuza ampli, tafuta fuzi yake, usome namba iliyo juu ya fuzi. Kama ni 20, maana yake ampli hiyo haiwezi kula zaidi ya ampere 20 kwa muda mrefu. Zidisha na volti 13 za gari: wati 260 zinazoingia. Katika ampli za namna ya zamani, karibu nusu inageuka joto, ndiyo sababu zina mgongo mkubwa wa aluminiamu. Zinabaki wati 130 za muziki. Hiyo 1000 iko wapi? Iko kwenye karatoni tu.

Siku hizi kuna ampli za namna nyingine, zinazoitwa "klasi D". Hizo zinageuza zaidi ya wati 80 katika kila 100 kuwa sauti. Hazipati moto sana, kwa hiyo hazihitaji ule mgongo wa chuma, na nyingine hazipiti kilo 1. Mtu anayetafuta wepesi aanzie hapo. Inakula umeme kidogo, dinamo haichoki, na ile batri ya pili haina kazi tena. Umeona ginsi kilo 15 zimetoka kwa kuchagua kitu kimoja vizuri?

Lakini hata ampli, pengine huihitaji. Radio ya kawaida ya gari, ile yenye fuzi ya 10, inatoa kweli wati 15 ao 16 kwa kila bafle ikiwa na bafle 4. Watu wanacheka wakisikia 15. Wasicheke, gari ni chumba kidogo. Siri iko kwenye bafle, si kwenye wati. Kila bafle nzuri ina namba inayoonyesha sauti inayotoa kwa wati 1, inaandikwa kwa desibeli. Bafle ya 86 inahitaji wati mara 4 kuliko bafle ya 92 ili zitoe sauti moja. Fikiri hilo: ukinunua bafle inayoitika vizuri, radio yako ya wati 15 inafanya kazi kama ya wati 60, na hujaongeza hata gramu moja. Ndiyo sababu kuongeza wati mara mbili tu hakusaidii sana. Sikio linasikia tofauti ndogo.

Kuhusu uzito wa bafle zenyewe, angalia sumaku. Ile nyeusi, nene kama sahani, ni ya ferite. Ndogo yenye kung'aa ni ya neodimi, ilitoka katika miaka ya 1980, na kwa nguvu ile ile ni nyepesi sana. Na kwa kuwa tunaongea madini: kijana wa Rubaya akifungua radio atakutana na kazi ya mikono ya nyumbani kwao. Vile vipande vidogo vya rangi ya manjano ao nyeusi vinavyotunza umeme, vingi vimetengenezwa kwa tantali, inayotoka katika koltani. Na madoa meupe yanayokamatisha kila mguu juu ya ubao ni bati, ile ile inayotoka katika kasiterite ya Walikale. Haisemekani kwamba bati ya radio yako ilitoka Bisie, inaweza kuwa ya Indonesia ao ya Peru, lakini ni mali ya namna moja. Tunaiuza kwa kilo na tunairudishia bei kwa gramu. Hayo tuyaache, ni ya ukurasa mwingine.

Turudi kwenye mlango wa gari. Bafle 2 za inchi 6 na nusu kwenye milango ya mbele, hiyo ndiyo kazi yote, na wengi wanaiharibu hapa. Ndani ya tole ya mlango kuna matundu makubwa. Sauti ya nyuma ya bafle inapita humo, inakutana na ya mbele, zinauana, na besi inapotea. Kisha mtu anakwenda kununua sanduku la kilo 20 kutafuta besi ambayo ilikuwa tayari mlangoni! Ziba matundu kwa aluminiamu nyembamba na mastiki, acha tu njia ya maji ya mvua kutokea chini. Bandika kipande cha kuzuia mtetemo katikati ya tole, karibu robo ya eneo lake inatosha. Usivike mlango mzima, hiyo ni kurudisha kilo tulizotoa. Na usitumie lami ya paa la nyumba. Jua likiwaka inayeyuka, na harufu yake itakaa nawe mwaka mzima.

Kama baada ya hayo bado roho yako inataka besi, kuna visanduku vyembamba vyenye bafle ya inchi 8 na ampli ndani yake, vinakaa chini ya kiti. Kilo 5 hivi, na viko katikati ya gari, si mkiani. Hesabu yote sasa: radio isiyo na mashini ya CD haifiki kilo 1, bafle 2 kilo 2 ao 3, waya kilo 1, kisanduku kilo 5. Hatujafika 10.

Kuhusu radio, wengi wanalia kwamba gari yao ya Japani haikamati Radio Okapi, ambayo tangu 2002 ndiyo wengi wanaisikiliza kwa habari za njia na za amani. Radio si mbovu. Kule Japani FM inaanzia megahezi 76 na redio za gari za zamani zinaishia 90, na kwetu stesheni ziko kati ya 88 na 108. Kuna kifaa kidogo kama kiberiti kinachowekwa kwenye waya wa antena na kushusha mawimbi. Kinasaidia, lakini hakifiki stesheni zote. Kama una pesa, badilisha radio.

Waya sasa, na hapa sitaki mzaha. Waya mwekundu unaotoka kwenye batri lazima uwe na fuzi karibu na batri, isipite sentimita 45. Wengine wanaweka fuzi kule kwenye ampli. Ile inalinda ampli, hailindi gari. Waya ukikatwa na tole njiani, batri inatoa umeme wake wote hapo, na gari inaungua na watu ndani. Pale waya unapopita ukuta wa motere weka mpira. Na kabla ya kulipa, kwaruza waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kweli ni nyepesi, lakini inapitisha umeme kidogo, na maungio yake yanaliwa upesi na unyevu wetu. Ukiununua, bei iwe ya aluminiamu na unene uongezwe.

Usisikilize muziki saa 3 motere imezimwa. Ampere 8 kwa saa 3 ni 24, na batri ya gari ndogo ina 45 hivi. Asubuhi na baridi ya Masisi, haiwaki. Na gari nyingi za Japani zina vitesi otomatiki: hata mkiwa vijana 10 wa kwaya mnasukuma, haitawaka.

Sikio pia lina kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mtu anaweza kuvumilia saa 40 kwa juma. Zikifika 90, saa 4 tu kwa juma nzima. Kijana anayeshinda karibu na motopompe ao nyundo kwenye kare amekwisha kula saa zake kabla ya kuingia garini. Na njia zetu zinaendeshwa kwa sikio. Kwenye kona za mlima, lori linalokuja utalisikia honi kabla ya kuliona. Kwenye barriere, anayekuambia simama anasema mara moja. Mama mwenye mzigo kichwani hageuki. Kioo kishuke kidogo, sauti iwe chini ya honi ya mwenzako. Vilevile, gari inayojulikana kijiji kizima kwa muziki wake, wezi nao wanaijua.

Kama bado hunisadiki, kabla ya kwenda dukani omba mfuko wa viazi wa kilo 40 kwa jirani. Uweke nyuma kabisa kwenye kofre, ufunge, kisha panda mlima ule unaoujua vizuri kuliko mingine, kwa vitesi vile vile unavyovizoea. Rudi, toa mfuko, upande tena.